Tunataka Kuhamia Arusha: Tulipie Kiwanja Mwezi Huu au Tupange Kwanza?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nimezaliwa na kukulia Dar es Salaam, na kwa sasa tunaishi Tabata. Desemba iliyopita tulikwenda Usa River kwenye harusi ya mdogo wake mume wangu, tukakaa siku tisa, na tangu turudi hakuna mazungumzo mengine nyumbani kwangu. Watoto ambao hapa wamezoea kucheza kwenye kibaraza chenye geti, kule walikuwa wakiamka wanatoka na binamu zao kwenda kuzunguka Ziwa Duluti, wakirudi tu njaa inapowauma. Siku moja tuliingia Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na kabla jua halijawa kali tulikwisha kuwaona mbega, twiga na nyati. Mume wangu naye alikuwa akisimama uani kila alfajiri akiutazama Mlima Meru kama mtu aliyewekeana ahadi nao.

Tumekubaliana kuhama. Mimi ninawafanyia hesabu wenye kampuni mbili ndogo, kazi ambayo kwa sehemu kubwa naifanyia nyumbani kwa intaneti, na wote wawili wameridhia niendelee nikiwa Arusha. Mume wangu ni dereva wa ofisi mwenye leseni ya daraja C, na anaamini kwamba atapata kazi ya kuwaendesha watalii, kwa kuwa wenzake wamemwambia kuwa bahasha ya bakshishi ya safari moja tu inaushinda mshahara wake wa mwezi.

Tatizo ni dalali. Ametupatia kiwanja anachokiita "ishirini kwa ishirini" upande wa Kisongo, ambako mwenye shamba analikata vipande na kuviuza. Picha alizotutumia zinaonyesha ardhi tambarare, kavu, na mlima unaonekana vizuri kwa nyuma. Anasema bei itapaa kwa sababu ya uwanja wa mpira wa AFCON ya 2027, kwamba yupo mteja mwingine, na kwamba tusipolipa kabla ya mwisho wa Februari hii tutakikosa. Fedha tunazo: milioni 14, nusu akiba ya SACCOS na nusu pesa ya bajaji tuliyoiuza.

Kabla sijatuma hata senti, naomba unisaidie. Je, tununue sasa? Nimesikia kwamba maji ya Arusha yanaharibu meno, na mtoto wangu wa pili ana miaka minne. Je, kuchemsha kama tunavyofanya hapa kunatosha? Huyo huyo anasumbuliwa na kifua, je, baridi ya huko ataiweza? Nasra yuko darasa la nne, nimhamishe lini? Na hiyo kazi ya watalii, ni kweli ina fedha hizo?

Mama Nasra, Tabata

*

Marahaba, Mama Nasra.

Nilihamia Arusha kutoka Tanga nikiwa na umri unaokaribia wako, nikiwa na mapenzi kama ya mume wako kwa mlima ule ule, na kosa unalokaribia kulifanya niliwahi kulifanya mwenyewe. Kwa sababu hiyo nitaanza na kiwanja, na nitakaa hapo muda mrefu kuliko kwenye maswali yako mengine. Jibu langu ni kwamba msilipe mwezi huu, wala msilipe kiwanja chochote ambacho hamjakiona kikiwa kimenyeshewa na mvua za masika.

Mimi nilinunua Septemba, upande wa kusini mwa jiji. Ardhi ilikuwa tambarare na kavu kama hiyo ya picha zako, udongo wake mweusi umepasuka nyufa ambazo kisigino cha kiatu changu kiliingia, na mimi, mtu wa pwani niliyezoea mchanga, nikadhani nyufa ni dalili ya ukame tu. Aprili nilipopeleka fundi, gari liliishia barabarani, tukatembea, na kila hatua tuliyoinua ilikuja na udongo wa kilo nzima umeganda kwenye soli. Katikati ya kiwanja maji yalikuwa yamesimama na vyura wanaimba. Fundi alichimba mfinyanzi mpaka ukampita kiunoni, akanieleza kwamba udongo wa aina hiyo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi wa kina hupasuka kuta. Msingi ulikula fedha yote niliyokuwa nimeitenga kwa ajili ya kupaulia, na nilikaa miaka mitatu nikiwa na kuta zisizo na bati.

Sisemi kwamba Kisongo yote iko hivyo, kwa maana ardhi ya Arusha hubadilika ndani ya kilomita chache kuliko mgeni anavyoweza kudhani. Miteremko ya Meru upande wa Ilboru, Sekei na Moshono hupata mvua nyingi na migomba hustawi. Ukishuka magharibi na kusini unaingia eneo ambalo mlima wenyewe umelizibia mvua, lenye vumbi jingi wakati wa kiangazi na, mahali pengi palipo bondeni, udongo mweusi kama wangu. Picha iliyopigwa Februari haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo, na dalali anajua.

Jambo la pili ni vipimo. Mwulize "ishirini kwa ishirini" ya nini? Kwenye mashamba yanayokatwa vipande, mara nyingi ni hatua, wala si mita, na hatua ni za yule aliyetembea siku ile. (Niliwahi kumwona mzee mmoja mrefu akitumwa kupima wakati wa kununua, na kijana mfupi akitumwa wakati wa kuuza.) Kiwanja kilichopimwa kina ramani iliyoidhinishwa, kina namba, na kina bikoni za zege kwenye kona zake, na ofisi ya ardhi inaweza kukuthibitishia hayo kabla hujatoa fedha.

Jambo la tatu ni la kisheria, na ndilo linalowaliza watu wengi. Kisongo haiko chini ya Jiji la Arusha. Iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, na sehemu kubwa ya wilaya hiyo ni vijiji. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ambayo inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ambayo mwenyekiti peke yake hana. Mkataba uliosainiwa sebuleni kwa mwenyekiti na kupigwa muhuri unaonekana mzito, lakini mauziano ya ardhi ya kijiji ambayo halmashauri ya kijiji haikuyaidhinisha yamewahi kufutwa mahakamani, na mnunuzi akabaki anamfukuza muuzaji aliyekwisha kuitumia fedha. Isitoshe, shamba la familia lina wenyewe wengi. Iwapo muuzaji ana mke, au wake, na watoto wakubwa wanaolilima, hakikisheni kwamba wanajua, wamekubali na wametia saini mbele ya mashahidi, kwa sababu mke ambaye hakushirikishwa anaweza kusimama miaka mitano baadaye akadai haki yake, naye hatakuwa amekosea. Mwisho, ulizeni katika ofisi ya mipango miji ya wilaya kama eneo hilo limepangwa kuwa makazi, maana shamba halibadiliki kuwa mtaa kwa kukatwa vipande tu.

Kuhusu AFCON, ni kweli kwamba Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa mashindano ya 2027, na kwamba Arusha imewekwa kwenye ramani hiyo kwa uwanja wa watazamaji 30,000 huko Olmoti. Jiji linakua hata bila mpira: sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 ndani ya Jiji la Arusha, na ya 2022 ikahesabu 617,631. Bei za pembezoni zinapanda kwa sababu ya watu hao, nao hawataisha mwisho wa Februari. Mashindano ni ya majuma machache. Ninyi mtahitaji maji, njia na nguzo ya umeme kwa miaka thelathini.

Kwa hiyo pangeni kwanza. Wenye nyumba wengi hapa hudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, basi zitengeni fedha hizo ndani ya milioni 14 zenu na mkubali kwamba akiba itapungua. Kabla ya kusaini, mwulizeni mwenye nyumba kama bili ya maji ya mpangaji aliyetoka imelipwa, kama mita ya umeme ya LUKU ni yenu peke yenu au mnagawana na nyumba ya uani, na maji yenyewe yanatoka wapi.

Hapo tumefika kwenye swali lako la pili, ambalo ningependa ulisome mara mbili. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi, ambayo ndiyo inayoharibu meno. Kuchemsha huua vijidudu, jambo jema, lakini floraidi ni madini. Maji yanapopungua sufuriani kwa mvuke, floraidi hubaki, na kiasi chake katika kila lita huongezeka. Inatokana na miamba ya volkano ambayo maji ya mlima hupita ndani yake, na ndiyo maana chemchemi iliyo safi kama kioo inaweza kuwa na madini hayo kwa wingi kuliko maji ya mto yenye tope. Shirika la Afya Duniani linashauri kiwango kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuna vyanzo kuzunguka Meru vinavyokipita kiwango hicho mara kadhaa, hasa upande wa kaskazini kama Ngarenanyuki na Oldonyosambu, ambako wako watu wazima waliopinda miguu kwa kunywa maji hayo tangu utotoni.

Mtoto wako wa miaka minne ndiye wa kuangaliwa kuliko ninyi nyote, kwa sababu meno ya kudumu hujengeka ndani ya ufizi kabla hayajaota, na madhara huingia katika umri huo, takriban hadi miaka minane. Wewe na mume wako meno yenu yamekwisha kukomaa. Hayatageuka kahawia hata mkinywa maji ya Arusha mpaka uzeeni, ingawa mifupa nayo huathirika kwa maji yenye floraidi nyingi mno yakinywewa kwa miaka mingi.

Afadhali ni kwamba jambo hili lina njia zake. Mamlaka ya maji ya Arusha, AUWSA, imepanua mtandao wake kwa mradi mkubwa wa shilingi bilioni 520, na nyumba iliyounganishwa na mtandao huo ina pa kuuliza majibu ya vipimo. Nyumba inayotumia kisima cha mwenye nyumba haina, na itabidi mpeleke sampuli maabara. Njia iliyo rahisi kuliko zote ni maji ya mvua, kwa kuwa mvua haijapita kwenye mwamba. Nyumba yenye bati safi, mfereji na simtanki la lita elfu kadhaa inaweza kuwapa watoto maji ya kunywa na ya kupikia kwa miezi mingi, na mimi nikitafuta nyumba hapa hutazama mfereji wa bati kabla sijatazama vigae vya sebuleni. Pia kuna vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambavyo vimefanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapo hapo karibu na Usa River mlikokuwa. Hufanya kazi vizuri mradi mkaa ubadilishwe unapochoka. Na jikoni, punguzeni magadi. Makande ya huku hulainishwa kwa magadi, ni matamu sana, lakini magadi hayo nayo hubeba floraidi ya bonde la ufa, na mtu anaweza kuchuja maji asubuhi kisha akairudisha mchana kwenye chungu.

Mkienda kukagua mtaa, yaangalieni meno ya vijana waliozaliwa pale, kwa staha na bila kumwonyesha mtu kidole, kisha mwulizeni mama mmoja wa genge la mboga anakochota maji ya kunywa. Atawaambia ukweli wote, kwa kuwa yeye hauzi nyumba.

Baridi isikutishe. Jiji liko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Juni hadi Agosti ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi, na usiku mtahitaji mablanketi mawili, na Ngaramtoni pengine matatu. Kwa kifua cha mtoto, mwoneni daktari kabla ya kuhama, mwondoke na dawa zake na maelezo ya maandishi, na mjue kwamba vumbi la kiangazi kwenye njia zisizo na lami huweza kumsumbua kuliko baridi yenyewe. Onyo langu kali ni moja: msilale na jiko la mkaa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Moshi wake usioonekana huua familia nzima usingizini, na wageni kutoka pwani ndio wasiolijua hilo.

Nasra yuko darasa la nne, na mwisho wa mwaka ana upimaji wa kitaifa ambao husajiliwa kwa jina la shule. Kumhamisha katikati ya mwaka inawezekana, kwa barua ya uhamisho kupitia walimu wakuu na taarifa zake kuhamishwa kwenye mfumo kwa namba yake ya usajili wa mwanafunzi (PREM), lakini sioni faida ya kumsumbua. Amalize mwaka Tabata, aanze darasa la tano Arusha Januari. Utaona kwamba mpango huu unakupa Aprili ya kuja kuiona mvua na Julai ya kuja kuionja baridi, kabla hujafunga hata sanduku moja.

Sasa mume wako. Bahasha anazosimuliwa zipo, sitazikataa. Nimeona vijana waliojenga kwa fedha hizo. Ila aliyemsimulia alimhesabia safari ya Agosti, hakumhesabia Aprili. Wageni hujaa kuanzia Juni hadi Oktoba na tena kuanzia Desemba hadi Februari. Masika yakiingia kambi nyingi hufungwa, magari huinuliwa juu ya mawe, na madereva wengi, ambao huitwa kwa safari na hawana mshahara wa mwezi, hurudi mashambani au hupanda bodaboda. Na kuna miaka ambayo masika hayaishi: watalii walioingia nchini walikuwa zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019, wakashuka hadi takriban 620,000 mwaka 2020 kwa sababu ya korona, na mtaani kwangu nyumba tatu za waongozaji zilitoa tangazo la kuuzwa gari.

Isitoshe, kuendesha ni nusu tu ya kazi. Mgeni aliyelipia siku saba Serengeti anamtaka mtu atakayemweleza kwa nini yule ndege anamfuata nyati, kwa lugha yake, huku gurudumu limekwama. Kazi hiyo husomewa, katika vyuo kama Mweka kule Moshi au kampasi ya Arusha ya Chuo cha Taifa cha Utalii, na anayeongeza Kijerumani, Kifaransa au Kihispania hupata safari ambazo mwenye Kiingereza peke yake hazipati. Kwa hiyo asiache kazi ya ofisi kwa tumaini la bahasha. Aanze masomo, aulize kazi za udereva zenye mshahara katika taasisi zilizojaa hapa, ikiwemo Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao yake makuu mjini, na bajeti ya mwaka wa kwanza iandikeni kwa kipato chako wewe peke yako. Kama haitoshi kodi, chakula na ada, basi hamjawa tayari, na ni heri kulijua hilo mkiwa Tabata.

Hukuuliza, lakini nitasema kidogo kuhusu watu. Sokoni Tengeru, Jumatano na Jumamosi, utamsikia Mmeru, Mwarusha, Mchaga na Mpare wakibishana bei kwa Kiswahili kimoja, nawe ukimwita mama wa Kimaasai "yeyo" atacheka na kukuongezea karoti mbili. Utazoea.

Pandeni basi wikiendi moja ya Aprili, mfikie kwa shemeji yako Usa River, na mkiamka mmesikia mvua imenyesha usiku kucha, nendeni Kisongo asubuhi hiyo hiyo mkiwa na buti na futi kamba ya mita hamsini. Kama kiwanja bado kipo, kikaguliwe upya kwa utaratibu niliokueleza. Na dalali akikupigia kesho kukukumbusha kwamba yule mteja mwingine amefika na fedha mkononi, mwambie amuuzie.

Shangazi